Sketi yangu na gauni la bibi harusi

Shoga, nimejifungia chooni hapa dukani. Usicheke.

Mama wa bibi harusi kanisimamia asubuhi nzima. Alianza na "fundi, harakisha". Ikawa "chapuka". Ikawa "fanya hima". Mwisho "kaza mwendo", na mimi nimekaa kwenye cherehani.

Basi nikakaza. Nikashona upindo wote wa gauni bila kuinua macho.

Nikasimama nimkabidhi. Gauni likasimama na mimi. Nimelishona pamoja na sketi yangu. Sketi yangu, shoga, niliyoivaa.

Mama akalitazama, akasema kwa upole, "Sasa fumua taratibu, mwanangu. Usiwe na haraka."

Nimevua sketi, nafumua. Ndoa ni saa nane, na bibi harusi anagonga mlango.

Niletee sketi yoyote. Chapchap.