Seli Niliyoichora Kabla ya Kuiona

Jumatatu, 4 Septemba

Nimefika kazini, huku ughaibuni. Nimefika kweli! Milango ya shule inajifungua yenyewe. Nilisogea pembeni nimpishe anayefungua — hakuna mtu. Nikajicheka peke yangu. Ushamba mzigo.

Halafu ukimya. Shule nzima kimya, kengele hakuna. Watoto wanajua tu wakati umefika, wananyanyuka, wanakwenda. Nimeingia darasani nikasimama nikingoja wasimame waniamkie. Hawakusimama. Mmoja akaniuliza kwa upole kama natafuta kitu. Nikasema eti natafuta chaki. Chaki nayo hakuna!

Mwalimu Mkuu ni mama wa makamo, mkavu, anaongea chini chini kama kuna mtoto kalala chumba cha pili. Kanieleza taratibu. Mwezi huu ni wa majaribio. Mwishoni atakaa nyuma ya darasa langu, somo moja tu. Akiridhika, mkataba. Asiporidhika, tiketi ya kurudi. Na bila mkataba mume wangu na binti yangu hawapewi kibali cha kunifuata. Kayasema yote hayo kama mtu aliyeulizwa saa akaitaja.

Jumatano, 6 Septemba

Leo nimeonyeshwa maabara yangu ya biolojia. Yangu! Jamani. Hadubini zimepangwa mezani, kila mwanafunzi na yake. Kila mwanafunzi! Nikazihesabu mara mbili.

Kule kwetu tulikuwa na moja, imefungiwa kabatini kwa mkuu wa shule, imevalishwa kitambaa cha kufuma, inatolewa siku wakija wakaguzi. Na haikuwa na lenzi. Sisi tulichora. Miaka kumi na moja nimechora seli ubaoni: kitofali, ndani kiini, mishale, majina. Nawaambia wanafunzi: nakilini, msisahau vichwa vya habari. Na walifaulu! Wengine leo wanatibu watu. Lakini mimi mwenyewe seli sijaiona kwa macho haya, hata siku moja.

Mwalimu wa kemia wa chumba cha jirani — mrefu huyo, anainama kupita mlangoni, nimembatiza Mlingoti — akaniuliza kwetu tulikuwa tunatumia hadubini za aina gani. Nikamjibu: za kawaida tu. Ulimi hauna mfupa!

Jumapili, 10 Septemba

Nimefua, nimepiga pasi, nimekaa dirishani. Mvua inanyesha bila kelele, hata mvua yao ina adabu. Kitanda kikubwa mno. Nalala upande wangu tu, ule mwingine nimemwachia mwenyewe.

Ijumaa, 15 Septemba

NIMEIONA!

Watoto walipoondoka nikajifungia maabara. Nikabandua ule utando mwembamba wa kitunguu, nikautandaza juu ya kioo, tone la maji, nikafunika kwa kile kioo chepesi kama kucha. Kwanza giza. Halafu kope zangu mwenyewe. Nikazungusha, nikazungusha — hizo hapo! Za mviringo, safi, ukingo mweusi, katikati zinang'aa. Mungu wangu, nzuri kama shanga. Vitabu vinasema ni vitofali, lakini nikajiambia vitabu vinajua nini, mimi nimeona kwa jicho langu. Nikakaa sakafuni nikalia kidogo.

Nikapiga simu nyumbani papo hapo. Binti yangu akauliza zikoje. Za mviringo, mama, shanga tupu! Akachomoka mbio, namsikia uani anawatangazia watoto wa jirani: mama yangu ameona seli! Mume wangu anacheka, anasema basi mkataba huo tumeupata. Nikamwambia taratibu bwana, usikate mbeleko na mwana hajazaliwa.

Jumatatu, 18 Septemba

Mapovu.

Mapovu ya hewa! Ukutani mwa maabara ile ile, nyuma ya mlango, kuna bango la picha: vitu ambavyo wanaoanza huvidhania seli. Picha ya kwanza kabisa, shanga zangu. Ardhi pasuka unimeze.

Jioni nimempigia binti yangu, nikamwambia kweli. Kumbe ameshazichora kwenye daftari la shule, na mwalimu wake kamsifu. Akauliza, kwa hiyo mama bado hujaona? Bado, mwanangu. Akasema pole. Pole ile imenichoma kuliko lile bango.

Jumanne, 19 Septemba

Mficha uchi hazai. Nimemwendea Mlingoti wakati wa chai, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Kwetu hadubini haikuwa na lenzi. Nimeona mapovu nikayalilia. Nifundishe, kaka, kabla mama yule hajaja kukaa nyuma ya darasa langu.

Alicheka? Alicheka hadi akatafuta kiti. Halafu kaniambia yeye alipokuwa chuoni alichora ukope wake, akauandikia na majina ya sehemu zake, akauwasilisha. Tukacheka wote. Kisha akanionyesha: kile kioo cha juu usikibwage. Kilaze kwa ubavu, upande mmoja utangulie, hewa ipate pa kutokea. Basi! Ndilo jambo lenyewe. Nikajaribu, nikaharibu, nikajaribu. Wakaja kumwita mkutanoni kabla sijafanikiwa. Kasema tutaendelea.

Jumanne, 26 Septemba

Hatukuendelea. Kaugua mafua wiki nzima, maskini.

Jumatano, 27 Septemba

Mwalimu Mkuu kanisimamisha kwenye ujia: kesho, somo la pili. Basi. Akapita zake, viatu havitoi hata sauti.

Mume wangu kasema wameomba dua nyumbani. Binti yangu kauliza afungashe viatu gani. Nikamwambia asifungashe kitu kwanza. Kasema ameshafungasha.

Nimepika, sijala. Nitasema nini wakiniuliza kinachoonekana? Nina mchoro kichwani, basi.

Alhamisi, 28 Septemba, asubuhi

Naandikia chooni. Ngoja niyaandike kabla hayajapoa.

Somo lilianza vizuri. Mwalimu Mkuu nyuma, mguu juu ya mguu, kalamu mkononi. Nimewaelekeza watoto, kioo kilale kwa ubavu, na sauti yangu ilikuwa imara, mtu asingejua. Kila mmoja na kitunguu chake. Kuna binti mmoja namwita Kasuku, mdomo wake haujui likizo. Akauliza kama anaweza kuacha kitunguu achume jani kwenye tangi la samaki pale pembeni, ule mmea wa majini. Ningekataa mbele ya mama yule? Nikasema haya, chuma.

Punde Kasuku akaniita. Mwalimu njoo, njoo! Nikainama.

Vitofali. Vitofali kweli, vimepangwa mstari kwa mstari, kama nilivyochora maisha yangu yote. Lakini ndani yake punje za kijani — zinatembea! Zinazunguka kwa kufuata kuta, moja nyuma ya nyingine, hazigongani, hakuna anayezisukuma. Kila kitofali na msafara wake. Katika jani lile dogo hivyo! Nimewaambia watu miaka kumi na moja kwamba seli ni kitu hai, nikisema kama mtu anayesoma tangazo la mkutano. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua ninachosema.

Mdomo sikuufungua mimi. Ulifunguka. Kikatoka kigelegele! Kile kirefu, cha ukoo wetu, kinachomtoa bibi harusi ndani. Mkono juu na kila kitu.

Watoto wakaganda. Kasuku mwenyewe kimya, mara ya kwanza tangu nimjue. Kumbe hapa ukisikika ukelele, mwalimu wa zamu anabonyeza kitufe chekundu ukutani bila kuuliza. King'ora! Madarasa yote yakamiminika uwanjani, kwa mistari, walimu wanahesabu vichwa, mpishi na aproni yake, Mlingoti na kitambaa puani. Zimamoto wakaja. Wakajaza uwanja wakitafuta moshi, na moshi hakuna, niko mimi tu.

Mwalimu Mkuu akanijia mbele ya kadamnasi, akauliza ile sauti ilikuwa ya nini. Nikajieleza huku nataka kulia. Kwetu, bi mkubwa, mtoto akizaliwa, harusi ikiingia, wanawake hupiga hivyo. Ni furaha. Akauliza, sasa nani kazaliwa?

Akaniambia nimngoje nje ya ofisi yake.

Alhamisi hiyo hiyo, mchana

Nimengoja kwenye benchi. Watoto wanapita, wananichungulia, mmoja kajaribu kupiga kigelegele kwa siri akakohoa. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mume wangu. Nitaanza na yeye, binti yangu baadaye. Vile viatu vyake alivyofungasha.

Mwalimu Mkuu alipotoka hakuniita ndani. Kafunga mlango wa ofisi, kasema twende. Nikamfuata hadi maabara. Hakuna mtu, hadubini zote ziko vile vile tulivyoziacha tukikimbia. Akaniuliza nimefundisha somo hili miaka mingapi. Kumi na moja. Na leo ndiyo mara ya kwanza kuona?

Ningeweza kusema za kawaida tu. Nikasema: leo.

Kasogeza kiti, kasema yeye ni mtu wa hesabu, alitoroka biolojia akiwa binti mdogo kwa sababu hakuwahi kuona kilichosemwa kipo. Akaniomba nimwekee jani jipya. Nikachuma, nikatia maji, nikalaza kioo kwa ubavu. Vidole vilitulia vyenyewe. Kaniambia nikae, nisimsemeshe. Ndiyo maana nimetoa daftari.

Muda mrefu sasa. Kainama, miwani imepanda kwenye paji la uso. Hajasema nabaki, hajasema niende. Amesema tu haoni kitu, kope tupu. Nimemwambia zungusha pole pole. Simu yangu inatetemeka mfukoni — ni wao, saa hizi binti yangu katoka shule. Sipokei. Siwezi kupokea.

Mkono wake umesimama. Kaacha kuzungusha. Mdomo umeachama, mama mzima huyu, Mwalimu Mkuu.

Kasema, zinatembea.

Nimesema ndiyo, mama. Zinatembea. Bila kuinua jicho kasema, pokea simu hiyo, waambie wafungashe.