Taa Juu ya Alama Zetu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe, watoto na Baba yetu. Najua barua zangu huwa unazisoma umesimama jikoni, mwiko mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. Leo nakuomba ukae. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Lile gauni la kijani ulilonishonea limeshaanza kunibana kiunoni, na usicheke. Vipi macho ya Baba? Bado anapitisha uzi kwa kukisia, akikosa anamlaumu aliyetengeneza sindano? Na yule mwanao wa mwisho, ameacha kunyonya kidole au bado mnapigana naye?

Ndoa ni tamu, dada. Kwa nini hukuniambia mapema? Shemeji yako akirudi kazini huniita tangu mlangoni, hata kama nimesimama mbele ya pua yake, kwa sababu anasema anapenda kuita na kuitikiwa. Chai anaiharibu, nguo anazikunja kama mtu anayefukuzwa, lakini akinitazama nasahau vyote. Wakati mwingine namwangalia akilala na kujiuliza nilifanya wema gani hapa duniani. Swali hilo wiki hii limenigeuka, na ndiyo maana naandika.

Nikupe habari ya fungate yetu. Unajua yeye ni fundi umeme. Mwaka jana kampuni yao ilipata kazi ya kufunga umeme kwenye hoteli moja kubwa ya kifahari mjini, na kazi ilipokwisha meneja akamwahidi kwamba siku akioa atalala pale na bibi harusi wake kama wageni wa heshima, bure. Akakaa na siri hiyo kifuani miezi yote ya uchumba, mtu ambaye hata zawadi ya soksi hawezi kuificha mpaka jioni. Siku yenyewe ndani ya teksi akanifunga macho kwa mtandio wangu mwenyewe. Dereva akamuuliza kama ananioa au ananiteka, wakacheka wote wawili, nami nikacheka. Tukashuka, akanishika mabega, akanigeuza, akanifungua macho.

Nilikuwa nimesimama mbele ya jengo letu.

Ndiyo, dada, lile lile. Lenye madirisha ya upinde na saa iliyokufa pale juu. Sasa saa inatembea, kuta zimepakwa rangi ya maziwa, na pale alipokuwa anakaa muuza mkaa kuna mtu wa kofia anayekufungulia mlango. Nyumba tuliyozaliwa, chumba kimoja ghorofa ya pili, cherehani ya Baba dirishani na sisi chini ya meza tukiokota vifungo. Nyumba tuliyotolewa tukiwa tumebeba godoro vichwani, halafu walionunua jengo wakawaambia watu wote kwamba lilikuwa ghala tupu, hakuwahi kuishi mtu humo.

Machozi yakanitoka. Shemeji yako akadhani ni ya furaha, akawaita wahudumu waje waone jinsi mke wake anavyolia. Ningemwambia nini? Hakuwa anajua. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba tulikulia mjini, basi. Na Baba alipokutana naye alikuwa ameshachoka kuwahadithia watu wasiomwamini. Unakumbuka wateja walivyokuwa wanakonyezana akianza habari ya jengo? Sasa anazunguka mitaa mingine kwenda kununua uzi ili asilipite, na ameapa hatakanyaga pale mpaka wakiri kwamba tuliishi. Yote hayo yalinijia mdomoni. Lakini mume wangu alikuwa ananionyesha taa, akisema ile ameifunga yeye, na ile, na ile pale juu alining'inia kama popo siku nzima. Nikasema nitamwambia baadaye, tukishapumzika.

Dada, sitakudanganya, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kwanza. Kitanda kilikuwa kipana mpaka tukawa tunatafutana. Mashuka yananukia sabuni ya maua. Chumba chetu kilikuwa kile cha yule jirani tuliyemwita Mama Kelele, aliyekuwa anagonga ukuta tukicheka. Sasa pale kuna beseni la kuogea refu kama mtumbwi, nami nikajilaza humo na mapovu hadi kidevuni, mume wangu ananisomea gazeti kutoka mlangoni kwa sauti ya mtangazaji. Ngazi tulizokuwa tukianikia nguo zimetolewa, kuna lifti ya vioo. Nikapanda na kushuka kwenye lifti ile kama mtoto, na kila iliposimama ghorofa ya pili nikatazama sakafu.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na matembezi ya wageni. Dada mmoja mrembo, amevaa suti, anawazungusha watu na kuwaeleza historia ya jengo. Shemeji yako akang'ang'ania twende, akasema kuna kitu maalumu anataka nikione. Tukapita hapa na pale, tukafika ghorofa ya pili, kwenye chumba ambacho sasa ni sebule ya kunywea chai. Kuta zimepakwa upya, sakafu mpya, dirisha jipya. Kitu kimoja tu hawakukigusa: fremu ya mlango. Wameiwekea kioo, na juu ya kioo kuna taa ndogo nzuri ya rangi ya asali. Mume wangu akaninong'oneza kwamba taa ile ndiyo kazi anayojivunia kuliko zote, kwamba aliipanga upya mara nyingi ili mwanga uingie ndani ya kila mkato.

Unajua ni mikato gani. Kisu cha Baba, na marehemu Mama akitukandamiza nywele kwa kitabu ili tusijiongezee urefu. Zipo zote, dada. Yangu ya chini kabisa ipo, ile ya siku mliyoniita Kibiriti kwa sababu nilikuwa mdogo na nawaka hovyo. Na yako iliyopinda ipo, ya siku ulipopiga chafya Baba ameshaanza kukata.

Pembeni kuna kibao cha shaba. Kimeandikwa kwamba jengo lilikuwa ghala la vitambaa, na kwamba hivi ni vipimo walivyotumia wafanyabiashara wa zamani kupimia nguo.

Miongoni mwa wageni kulikuwa na mama mmoja mtu mzima mwenye fimbo. Alisogea, akavaa miwani, akainama, akasema hapana, hizo ni alama za watoto, hata yeye kwao zilikuwepo, na hiyo iliyopinda ni ya mtoto asiyetulia. Watu wakasogea kutazama. Yule dada wa suti akababaika, akasema yeye alifundishwa hivyo. Akatutazama mmoja mmoja kama anayeomba msaada. Mume wangu alikuwa ameushika mkono wangu, na nilimwona uso wake umeanza kunyong'onyea, kama mtu anayeambiwa kwamba almasi yake ni chupa.

Hapo ndipo palipokuwa pangu, dada. Nafasi ambayo Baba ameingoja miaka yote, shahidi asiyemjua, amesema mwenyewe bila kuulizwa. Nilihitaji kusema neno moja tu, kwamba ndiyo.

Mimi nikasema mama amekosea.

Nilisema baba yangu ni fundi cherehani, kwa hiyo najua. Nilisema zamani vitambaa vilikuwa vinasimamishwa mlangoni kwenye mwanga na kupimwa hivyo hivyo. Na ile iliyopinda, nikasema, ni ya kupimia vitambaa vya kukata mshazari. Mimi, mtoto wa fundi, niliyekulia chini ya meza yake, nasema kitambaa kinapimwa kimesimama kama mtu! Mwanafunzi wa cherehani wa siku moja angenicheka. Lakini wale hawakucheka. Waliitikia kwa vichwa. Yule mama akavua miwani, akasema basi pengine macho yake yamezeeka. Nilimnyang'anya ukweli mkononi, akaniomba radhi.

Shemeji yako uso ukamrudi. Akanisimamisha kwenye fremu, akanipiga picha.

Nimejiuliza kwa nini. Nilitaka asihuzunike, hiyo ni kweli. Lakini si kweli yote. Nilikuwa nimevaa gauni zuri, watu wananiita mheshimiwa, na sikutaka wajue kwamba pale wanapokunywea chai mimi nilikuwa naoga kwenye karai.

Siku ya kuondoka tulikuwa tunapita na mizigo, nikamsikia yule dada wa suti akiwaeleza wageni wapya. Anasema binti wa fundi cherehani, mgeni wao, amewathibitishia. Akataja mshazari. Dada, uongo wangu umeshakuwa historia ya jengo, umewekewa na taa. Nilifika nyumbani sikula. Mume wangu akadhani labda ni habari njema ya tumbo, akaanza kutembea kwa vidole.

Ningeendelea kunyamaza, Mungu anisamehe. Lakini juzi alikuja na ile picha ameikuza, ameitia fremu, mimi nimesimama kando ya alama na kile kibao kinasomeka vizuri kabisa. Akasema Jumapili tukija kuwasalimu atampa Baba, mtu wa cherehani atafurahi kuona vipimo vya wenzake wa zamani. Nikakaa chini kwenye sakafu, nikamwambia yote.

Aliangalia mikono yake, akasema, na taa nimefunga mimi. Nikangoja anikasirikie. Baadaye akainua picha, akaiweka magotini kwangu, akaniuliza mimi ni ipi. Nikamwonyesha. Akauliza na dada, nikamwonyesha yako, nikamweleza ile chafya, akataka kucheka ikamshinda. Akasema taa ibaki, kibao ndicho kitolewe, na aliyesema uongo mbele ya watu akauseme ukweli mbele ya watu, yeye atasimama nyuma yangu tu. Kesho tunakwenda hotelini. Sijui kama watanisikiliza. Wanaweza kuniambia kwamba hata mimi mwenyewe nilithibitisha, na watakuwa wamesema kweli.

Ninakuomba jambo moja. Barua hii msomee Baba, yote, usiruke pale pabaya na usinipambe. Asiipate habari kwa kuiona picha. Akisema nisije, nitakuja hivyo hivyo na nitakaa nje mlangoni mpaka anitume hata maji. Mume wangu anaogopa kuliko mimi. Ameuliza mara tatu kama Baba hupiga watu kwa rula.

Na umwambie kwamba alama yake na yenyewe ipo, ile ya juu kabisa, tuliyomlazimisha asimame na yeye apimwe, Mama amepanda stuli, anacheka kitabu kikimtoka mkononi. Kibao kinasema hiyo ni ya vitambaa vya mapazia. Katika picha nimenyoosha shingo, nimevaa viatu vya visigino virefu, na bado sijamfikia.

Wabusu watoto kwa ajili yangu. Shemeji yako anakusalimu sana, na safari hii anasalimu kwa adabu. Funga mlango vizuri upepo usimpige Baba kifua, na wewe ulale mapema.

Mimi mdogo wako,
Kibiriti, wa alama ya chini kabisa