Mashine ya Dimani na swala ya Ijumaa

Nasra shoga, hasira bado haijanitoka.

Leo bosi Nicolaus kaleta wageni ofisini Kibiti waone tunavyoiendesha kwa kompyuta mashine ya kupima maji iliyoko Dimani. Kompyuta zote, za huku na kule, nimeziseti mimi. Kabonyeza, kimya. Kabonyeza tena, kimya.

Akanigeukia mbele ya wageni: "Biasha, umeharibu nini?"

Eti nimeharibu mimi.

Na jana nilimwambia, Ijumaa saa saba usiweke kikao. Shaabani, mlinzi wa kule, akienda msikitini huwa anazima umeme wote, anaogopa moto. Unajua alinijibu nini? "Mitambo haina dini."

Mitambo haina dini, shoga.

Basi sikuomba radhi. Nikawaambia wageni, "Tusubiri watu watoke msikitini." Nikakaa zangu.

Shaabani karudi, kawasha. Bosi kabonyeza, vipimo vikaanza kumiminika kwenye skrini.

Unadhani kashukuru? Kaniambia niziseti upya kompyuta, Shaabani asiweze kuzima.

Nikamjibu palepale, wageni wanasikia: "Swichi iko ukutani, bosi, haimo kwenye kompyuta. Cha kuhamisha ni kikao chako. Ijumaa haihami."