Neno la Siri Lilikuwa Marahaba

Dianah shoga, uko kwenye mashine? Waache hao wageni wa hoteli yenu ya Chale wangoje kidogo. Nimeumbuka!

Kuna mtu ameingia kwenye kompyuta kwa jina langu akafuta majina ya wageni wote waliohifadhi vyumba hapa hotelini kwa Pasaka. Wote! Meneja akaniuliza, "Nereah, neno lako la siri nani analijua?" Nikamwambia hakuna. Hakuna, nikaapa.

Papo hapo akaingia Wayua wa jikoni. "Shikamoo, mama."

Nikajitia kupanga makaratasi.

"Mama, shikamoo!"

Muasya, mwenzangu wa mapokezi, akaangua kicheko. "Hawezi kukujibu, atatoa siri!" Ofisi nzima ikacheka. Kumbe wote wanajua kwamba neno langu ni marahaba! Utani wangu mwenyewe huo. Tangu tuwekewe haya maneno ya siri, kila anayeniamkia namwambia nikikujibu nitafukuzwa kazi. Sasa nafukuzwa kweli: kesho nimpelekee meneja jina la aliyefuta, au nirudishe funguo.

Ila mmoja hakucheka. Justus wa uhasibu. Mzee yule ana mvi kunishinda, lakini wiki hii kila asubuhi ameniamkia shikamoo, kisha akasimama nyuma ya kiti changu akitazama vidole vyangu. Nami nikadhani ananitania! Ananiamkia mimi, Dianah, mimi!

Neno nimeshalibadilisha. Hata wewe sikwambii, usinune. Na ujumbe huu unapitia mashine za uhasibu, sijui nani anausoma njiani.

Justus, kama ni wewe, marahaba.