Maji Yaliyotoka Nyuma ya Sufi

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Morogoro hatujambo, na mdogo wako keshaanza chuo. Umeniuliza kama uzuie baridi kwa ndani kwenye nyumba kuukuu ya matofali uliyonunua Toronto. Nakueleza yaliyotupata sisi hukohuko, miaka ya tisini.

Babu yako alijaza sufi ya kioo, ile ya kuzuia baridi, kwenye kuta kwa ndani, akafunika kwa bodi za jipsamu. Tukapata joto. Lakini kabla majira ya baridi hayajaisha, ukuta wa sebuleni ukalowa na kuota ukungu mweusi. Bomba halikuvuja, paa lilikuwa zima. Nilichanganyikiwa, nikamlaumu Mama Odeta, mpangaji wetu wa juu kutoka Burundi.

“Watoto wako wanamwaga maji.”

“Dada, wanangu wanaogea kwenye beseni.”

Sikumwamini. Akahama.

Fundi tuliyemwita alipobomoa bodi, matofali yalikuwa yanatiririka maji. Akasema ni mvuke wa mapishi na maji yetu ya kuoga. Ulipenya kwenye nyufa za bodi, ukakuta tofali lisilopata tena joto la ndani kwa kuzuiwa na sufi, ukageuka maji. Alirudia mara tatu, na mpaka leo sielewi vizuri. Basi tafuta fundi anayezijua kuta hizo. Kwanza ahakikishe mvua haiingii, kisha azibe kila upenyo wa hewa ya ndani kuingia ukutani.

Nilikwenda kumwomba radhi Mama Odeta. Alinipa chai, akasema, “Yamekwisha, dada.” Lakini hakurudi kwetu, wala hakuniuliza maji yalitoka wapi.

Akupendaye,
Bibi Asteria