Supu ya marehemu mama mkwe kwenye friji ya trela

Marlys uko wapi. Nimeharibu. Yaani nimeharibu vibaya.

Lile friji la nyumbani tulilofunga kwenye trela letu la kulala safarini linakula betri, unajua. Tuliporudi safari nikatoa vyakula, nikazima swichi kuu, mlango wake nikauwekea taulo usijifunge, kama kawaida. Droo ya friza sikuchungulia. Wiki tatu, Marlys, kwenye jua hili la Arizona.

Leo mume wangu Dwight kaifungua. Harufu ikatutoa nje wote wawili.

Kumbe alificha humo bakuli la mwisho la supu ya maharage ya mama yake. La mwisho. Analitunza tangu msiba, alitaka tulile Jumapili, siku ya kuzaliwa ya mama.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ungeniona mtoto."

Swichi nimezima mimi, na yeye ndiye aliyenifundisha kuizima. Hajanilaumu hata kidogo. Bora angenifokea.

Sasa yuko bombani. Bakuli amelisugua mpaka linang'aa, ila kifuniko hataki kiguswe na maji. Kimebandikwa karatasi yenye mwandiko wa mama: "Ya Dwight. Ipashe kwa moto mdogo."