Kila Alfajiri Atupele Anaita

Mama, shikamoo. Huku Rujewa jua ni kali, na wali wao unanukia tangu barabarani. Leo nimeuacha kwenye sahani.

Nimempata jirani wa marehemu mama aliyemzaa Atupele. Nikamuuliza kwa nini huyu mjukuu wako, tangu awe mtoto wetu, huamka alfajiri, hupiga ukelele "Hooo!" kisha hukaa kimya kitandani. Akanipeleka shambani, akanionyesha madungu mawili, vile vichanja vya kukalia ukifukuza ndege wa mpunga.

"Mtoto alikaa hili, mama yake lile kule mwisho," akasema. "Ndege wanashuka kabla ya jua. Mmoja akiita, mwenzake anaitika, ujue hajalala. Siku ile mtoto aliita weee, kimya. Sisi ndio tulikwenda kumwangalia mama."

Kumbe si ndoto mbaya, Mama. Na sisi tunamwambia anyamaze, watu wamelala.

Kadi hii nampa kondakta wa basi la Iringa, maana kwenye simu ningelia. Mungu akutunze. Wewe ndiye unayelala naye. Kesho akiita, mwitikie.

Mwanao,
Mama Atupele